SOMO: IMANI, SHAKA NA DALILI YA KUWEPO MWENYEZI MUNGU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanaadamu akili ili aitumie. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Muislamu, huenda siku moja mwanao akarejea kutoka skuli akakuuliza: "Baba, tunajuaje kuwa Mwenyezi Mungu yupo, na hali hatumuoni?" Wazazi wengi hukimbilia kumkemea. Mtoto hunyamaza, lakini swali lake halinyamazi. Hulichukua akaenda kumuuliza asiyekuwa na dini. Kwa hivyo yatupasa tulijue jawabu lake.

1. Shaka ni namna mbili

Iko shaka ya mwenye kutafuta, na iko shaka ya mwenye kukataa. Nabii Ibrahim (A.S.) alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama hakuamini, alijibu kuwa ameamini, ila ataka moyo wake utulie (Suratul-Baqara, Aya 260). Hakukemewa, bali alionyeshwa. Naye hakuwa na shaka. Alikuwa akitafuta yakini juu ya imani. Ikiwa Nabii hakulaumiwa kwa kuomba utulivu wa moyo, vipi alaumiwe mtoto?

Na baadhi ya Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamshitakia kuwa nyoyoni mwao hupita mambo wanayoogopa hata kuyatamka. Akawaambia kuwa khofu yao hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Mwizi havunji nyumba tupu.

Ama shaka ya kukataa ni ya yule aliyefikiwa na dalili, nafsi yake ikayakinisha, kisha akapinga kwa kiburi, kama walivyofanya watu wa Firauni (Suratun-Naml, Aya 14). Huyo hakukosa hoja, bali amekosa unyenyekevu.

2. Kwa nini dalili, na si kuona

Itikadi yetu sisi Ibadhi ni kuwa Mwenyezi Mungu haonekani, si duniani wala Akhera. Kinachoonekana kwa macho hakina budi kuwa na upande, mahala na mpaka, na Yeye ametakasika na hayo. Macho hayamdiriki (Suratul-An-am, Aya 103). Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942 na akawa Mufti wa Oman mwaka 1975, ameieleza mas-ala hii kwa urefu katika kitabu chake Al-Haqqud-Damigh.

Basi anayesema "hatumuoni" hakutuletea hoja ya kutupinga; ametaja jambo tunalolikubali. Njia ya kumjua Mola ni dalili.

3. Dalili yenyewe

Tazama falaji ya Daris iliyoko Nizwa, ambayo ni miongoni mwa falaji tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hutoka mbali, yakapita chini ya ardhi kwa mteremko uliopimwa, hata yakafika mitendeni. Hakuna aliye hai leo aliyewaona waliouchimba mfereji ule, wala hakuna mwenye akili anayesema kuwa ulijichimba.

Atasema mpinzani: "Hilo twalijua kwa sababu tumezoea kuona watu wakichimba. Nani aliyepata kuona ulimwengu ukiumbwa?" Jawabu: hoja yetu haikusimama juu ya mazoea. Imesimama juu ya kuwa kila kilichokuwa hakipo kisha kikawepo, hakikujipa kuwepo. Kwani kabla ya kuwepo hakikuwa chochote hata kiweze kutenda. Ndiyo maana Qur-ani inawauliza wakanushaji: wameumbwa pasipo na kitu, au wao ndio waumbaji? (Suratut-Tur, Aya 35). Na Nabii Ibrahim, alipowahoji watu wake, alitoa dalili kwa nyota, mwezi na jua kuwa vyote vinatua. Kinachogeuka hakiwezi kuwa Mola.

4. "Na Mungu kaumbwa na nani?"

Tuseme unataka kukopa riali moja. Jirani akasema, "Ngoja nami nikope kwa mwengine," na huyo mwengine akasema vivyo hivyo. Wakiwa wote ni wakopaji, hata safu yao ikiwa haina mwisho, riali haitakufikia. Ikiwa iko mkononi mwako, basi yuko aliyekuwa nayo bila ya kukopa. Viumbe wote wamepewa kuwepo. Hapana budi awepo Ambaye kuwepo kwake hakukupewa na yeyote. Kuuliza nani kamuumba ni kumhesabu katika wakopaji. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa wasiwasi huu unapofika hapo, mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome, kwani baada ya hapo swali halina pa kwenda.

5. Tahadhari

Mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa majumuiya ya nyota yanakwenda mbali nasi, na kila yaliyo mbali zaidi huenda kwa kasi zaidi. Wataalamu leo wanaukadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8 hivi. Haya yanaafikiana na kauli kuwa ulimwengu una mwanzo. Lakini usiitundike imani ya mwanao juu ya nadharia za wataalamu, kwani nadharia hubadilika.

6. Wajibu wa mzazi

Kwanza, msikilize mwanao mpaka amalize. Pili, mpe dalili kwa kadiri ya umri wake. Tatu, usilolijua usilizue. Mwambie, "Tutawauliza wanavyuoni," kisha uwaulize kweli. Nne, akuone ukisali, kwani dalili huikinaisha akili, na ibada huutuliza moyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuthibitishe sisi na vizazi vyetu juu ya haki. Amin.

Maswali ya somo
1. Kuna tafauti gani baina ya shaka ya mwenye kutafuta na ya mwenye kukataa?
2. Kwa nini kutoonekana kwa Mwenyezi Mungu si hoja ya kukanusha kuwepo Kwake?
3. Mfano wa riali unabatilisha swali gani, na kwa vipi?