Bakteria wa Mbung'o

SWALI: Nafuga ng'ombe hapa Wema, Garsen. Nasikia mbung'o ana bakteria tumboni asiyeweza kuishi nje. Imekuwaje?

JIBU: Ni kweli, ndugu mfugaji. Bakteria huyo, Wigglesworthia, hukaa ndani ya seli maalumu za utumbo wa mbung'o. Mbung'o hula damu tu, na damu ya ng'ombe wako haina vitamini B za kutosha, hivyo bakteria huyo humtengenezea. Mbung'o mama humrithisha mwanawe bakteria huyo kwa maziwa, mwana akiwa bado tumboni. (Naam, mbung'o hunyonyesha!) Kwa kuwa bakteria hupewa na mbung'o karibu kila kitu, jeni asizozihitaji ziliharibika zikapotea, na hana bakteria jirani wa kumpa nyingine; ndiyo maana hawezi kuishi nje. Jenomu yake, iliyosomwa yote mwaka 2002, ina herufi za DNA kama 700,000 tu, ilhali bakteria E. koli ana takriban milioni 4.6. Jeni za vitamini zimebaki. Mbung'o jike akimkosa bakteria huyo huwa tasa.