Usaili wa kazi: tumwangalie Nabii Yusuf (a.s.)

Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kijana anayeingia katika usaili namna ile huwa ameshatishika kabla hajaulizwa jina. Mimi sikuwamo uwanjani, lakini hofu hiyo nimeionja.

Niliitwa na shule moja ya sekondari, nafasi ya mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nilitoka hapa Kiriba baada ya Swala ya Alfajiri, kwa pikipiki hadi Musoma mjini, vumbi limejaa kwenye kola ya shati. Nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Jopo lilikuwa la watu watano. Mmoja akauliza: "Una uzoefu wa miaka mingapi?"

Rafiki yangu alikuwa amenishauri niseme mitano. Nikasema mitano. Ukweli ulikuwa miwili, na mmoja kati ya hiyo ni wa kujitolea. Basi yule bwana akafungua vyeti vyangu, akahesabu tangu mwaka niliohitimu, akanitazama. Ulimi ukagoma. Mimi ninayewafundisha watoto dua ya Nabii Musa (a.s.) ya kuomba kukunjuliwa kifua na kufunguliwa fundo la ulimi (20:25-28), siku hiyo sikuikumbuka hata herufi moja.

Hatimaye nikasema: "Samahani mwenyekiti, ni miwili." Kazi sikupata.

Njiani kurudi nilitafakari Surat Yusuf. Mbele ya mfalme wa Misri, Yusuf (a.s.) alitaja sifa mbili alizokuwa nazo kweli, ulinzi wa mali na ujuzi (12:55). Baadhi yetu hudhani kujieleza ni kibri, tukanyamaza. Wengine, kama mimi, tukaongeza chumvi. Yusuf hakufanya hili wala lile. Naye Muadh bin Jabal, katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi (wapo wanazuoni walioitia dosari sanad yake), aliulizwa na Mtume (s.a.w.) kabla ya kwenda Yemen kuwa atahukumu kwa kitu gani. Akaulizwa tena, na asipopata humo? Hayo ni maswali ya usaili hasa, yanayomfuata mtu mpaka mwisho wa ujuzi wake. Muadh alijibu kwa ilimu aliyokuwa akiishi nayo.

Mwaka 2025 walimu walioomba ajira serikalini nao walipitishwa kwenye usaili. Kwa hiyo vijana wa hapa wanaotaka, tunakaa nao barazani mwa msikiti baada ya Alasiri. Wawili huuliza, mmoja hujibu kwa sauti. Swali la kwanza ni lile lile la miaka. Juzi binti mmoja alijibu: "Ustadhi, sina hata mmoja, ila nimesomesha madrasa miaka mitatu." Tukamwambia aanze na hiyo mitatu.