Mbona wafuasi wangu hawaoni vitenge vyangu?

Swali: Nauza vitenge Mbagala, Temeke. Nina wafuasi wengi Instagram, lakini picha zangu wanaziona wachache. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, tangu 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipowekwa. Programu hukisia kitakachomvutia kila mtu kwa kupima anachotazama hadi mwisho, anachohifadhi, anachowatumia wenzake na akaunti anazowasiliana nazo mara kwa mara. Wateja wakikupita bila kusimama, unashushwa chini.

Basi weka video fupi, bei ionekane mapema, na umjibu kila anayeuliza. Waombe wateja wakuingize kwenye orodha ya akaunti wanazozipenda; tangu 2022, picha za orodha hiyo hupangwa kwa kufuata saa zilipowekwa. Usinunue wafuasi kamwe: hawatazami, hawaulizi, wala hawanunui.