Chura, Sumu Yake na Mbwa Wako

Mvua ya masika ikishika Nakuru, kati ya Machi na Mei, vyura hujitokeza usiku kwenye ploti za Lanet, Kiamunyi na Bahati. Wengi wa wale wenye ngozi kavu ya vinundu ni wa jamii ya Sclerophrys, na mara nyingi watu huwapokea kwa chumvi au fimbo. Ukijua sumu yao inatoka wapi, utaona hakuna sababu ya kuwaua. Anayehitaji ulinzi ni mbwa.

Sumu inatoka wapi

Chura huyu haokoti sumu kwa nyoka wala kwa wadudu anaowala. Huitengeneza mwenyewe mwilini kutokana na kolesteroli. Wanaoipata kwenye chakula ni vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika Kusini na Madagaska, wanaokula sisimizi na utitiri wenye sumu. Wakifugwa na kulishwa wadudu wengine, hukosa kinga hiyo.

Chura wetu huanza na urithi: mama huyatia mayai sumu kabla ya kuyataga. Kiluwiluwi akigeuka chura, huota tezi zake mwenyewe. Mmulike chura mzima kwa tochi: nyuma ya kila jicho ana uvimbe kama harage. Hapo ndipo sumu nyingi hukaa, nao utomvu wake mweupe na mzito hutoka akibanwa au kuumwa. Chunjua hazitokani naye; huletwa na virusi.

Kabla ya ajali

1. Zima taa za nje usizozihitaji. Taa huvuta wadudu, na wadudu humvuta chura.
2. Ondoa bakuli la maji la mbwa lililo chini jioni ikiingia, kwa kuwa chura huingia humo kujilowesha. Liweke juu, mbwa aweze kulifikia.
3. Ziba mwanya ulio chini ya geti kwa wavu.
4. Ukimkuta chura, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, mtie kwenye ndoo, umpeleke upande wa bustani ambako mbwa hafiki. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa macho.
5. Wafundishe watoto kutomshika. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Mbwa akimuuma

Mate hutoka kwa povu, ufizi huwa mwekundu, naye hutikisa kichwa na kukwangua mdomo. Mwinamishe kichwa, elekeza maji ya mpira kwenye shavu ili yatoke upande wa pili bila kuingia kooni. Endelea kwa dakika 10, ukipangusa ufizi na ulimi kwa kitambaa kibichi. Usimpe maziwa wala kumtapisha. Sumu hii hushika moyo, kwa hiyo mpigie daktari wa mifugo mara moja, hata kama mbwa anaonekana mzima. Akiyumba, akitetemeka au akizimia, usingoje asubuhi.

Chura anayeachwa hai hula wadudu wa shamba usiku kucha bila malipo. Mhamishe, usimwage chumvi.