Bustani ya Nyumbani Msimu wa Mvua: Zihesabu Siku za Kusubiri Kabla ya Kuchuma

Mkoa wa Songwe hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwezi Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika maeneo ya miinuko, kama vile Mbozi, Ileje na mji wa Tunduma, mvua hiyo huja pamoja na baridi. Kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba ni miezi ya neema, kwa kuwa adha ya kubeba ndoo za maji imekwisha. Hata hivyo, ndiyo miezi ambayo hushawishika zaidi kununua dawa, na somo hili linahusu dawa hizo, yaani viuatilifu, kwa yule anayelima kwa ajili ya chungu chake mwenyewe.

Tuanze na nyanya, maana ndiyo chanzo cha taabu nyingi. Ugonjwa wa bakajani chelewa hushambulia nyanya na viazi mviringo pale hewa inapokuwa ya baridi na majani yakabaki yamelowa kwa saa nyingi. Madoa huonekana kama yameloweshwa maji, kisha hugeuka kahawia, na tuta zima laweza kuungua kwa siku chache. Mwenye bustani hukimbilia dukani na kuomba "dawa ya nyanya". Ombi hilo halitoshi. Dawa ya wadudu haizuii ukungu, wala dawa ya ukungu haiui kantangaze. Isitoshe, dawa za ukungu zenye mankozebu hufanya kazi kwa kulifunika jani kabla ugonjwa haujaingia. Haziponyi jani lililokwisha kuoza, na mvua kubwa huziosha.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Lebo ya kiuatilifu hutaja idadi ya siku za kusubiri baina ya kupulizia na kuvuna. Tuchukue mfano wa lebo inayosema siku 7. Mvua ikiosha dawa, nawe ukapulizia tena baada ya siku 5, siku huanza kuhesabiwa upya. Ukiendelea hivyo mwezi mzima, haitapatikana hata siku moja ambayo nyanya hizo zinafaa kuchumwa. Mkulima wa shamba kubwa huweza kupanga siku ya mavuno. Mwenye bustani ya nyumbani huchuma jioni, maji ya ugali yakiwa jikoni. Tena tuta lake la chainizi liko hatua moja tu kutoka kwenye nyanya, na upepo haujui mpaka wa tuta. Aliyepulizia nyanya amepulizia na chainizi, na majani hayo ndiyo yatakayoliwa usiku huo. Kuosha mboga ni lazima, lakini hakupunguzi siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Kwa hiyo ushauri wetu, ambao wengine watauona mkali, ni kuiacha nyanya katika miezi ya mvua kubwa. Sia mbegu Machi, hamisha miche Aprili mvua zinapopungua, na ukubali kumwagilia baadaye. Desemba hadi Machi iwe zamu ya mchicha, majani ya maboga na chainizi. Inua matuta kiasi cha sentimita 20 na uchimbe mifereji kati yake, ili maji yasituame kwenye mizizi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno na mvua huzihamisha. Zisie kwenye mistari, uzifunike kwa udongo kidogo na nyasi kavu, kisha uondoe nyasi hizo miche inapochomoza. Bustani isiwe mahali ambapo maji ya choo hupita mvua inapofurika.

Anayeshikilia nyanya azipande mbali na mboga za majani, aache sentimita 60 baina ya shina na shina, azisimamishe kwa miti, na aondoe majani yanayogusa ardhi. Asizipande palipotoka viazi.

Ikibidi kununua dawa, nunua iliyo katika kifungashio chake halisi, chenye namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo unayoweza kuyasoma. Kwa wakazi wa Tunduma tunalisisitiza hili: dawa iliyosajiliwa ng'ambo ya mpaka haiwi, kwa sababu hiyo pekee, imesajiliwa Tanzania. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda ikatae, hata kwa bei ya kutupa. Haina kipimo, haina siku za kusubiri, na mtoto huiona kinywaji. Tunaelewa kwamba pakiti nzima ni ghali kwa mwenye matuta matatu. Majirani wanaweza kuchanga wakanunua moja, mradi ibaki katika chombo chake na ifungiwe mahali pamoja.

Tazama pia utepe wa rangi chini ya lebo. Nyekundu huonyesha sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Hatuoni sababu ya utepe mwekundu kuingia kwenye bustani ya nyumbani.

Daima dai risiti. Dawa isipofanya kazi, au ukiishuku, usiitupe: ipeleke pamoja na kifungashio na risiti kwa afisa ugani wa kata, au kwa wakaguzi wa afya ya mimea walioko kituo cha mpakani Tunduma.