Somo la Familia: Kitanda cha Mtoto kwa Mbao Zilizotupwa



Familia nyingi kati yetu zilifika Kampala na mzigo wa kichwani tu. Godoro hupatikana mapema. Kitanda ndicho huchelewa. Huku karibu na ziwa sakafu hupata unyevu, hasa majira ya mvua, na godoro lililolazwa chini huota ukungu. Anayeumia kwanza ni mtoto mwenye kifua. Somo hili linaonyesha namna ya kumwinua kutoka sakafuni kwa gharama ndogo.

Hapa Port Bell na Luzira kuna bandari, maghala na viwanda. Mizigo hupangwa juu ya paleti, yaani yale majukwaa ya mbao yanayonyanyuliwa na foklifti. Zikiharibika, nyingi huishia kuwa kuni.

1. Omba kwanza. Ruthu Mmoabi alikuwa mgeni Bethlehemu, lakini hakuingia shambani kimyakimya. Aliomba ruhusa, ndipo akaokota masazo (Ruthu 2:7). Paleti nzima na kreti za bia au soda zina mwenyewe, hata zikiwa nje ya geti. Zungumza na msimamizi, na ikiwezekana akupe karatasi yenye sahihi, ili ukiulizwa njiani uwe na jibu.

2. Soma mhuri. Paleti zilizovuka mipaka huwa na mhuri wenye picha ya suke la ngano. Tafuta herufi mbili. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, hizo zinafaa. MB maana yake zilipigwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu. Hizo usizilete nyumbani, wala usizipikie. Isiyo na mhuri ikague: ikiwa na madoa au harufu ya dawa au mafuta, iache.

3. Safisha. Kunguni hujificha kwenye nyufa. Mwagia maji yanayochemka, sugua kwa sabuni, kisha anika juani hadi mbao zikauke kabisa. Sugua kwa msasa ili vibanzi visimchome mtoto.

4. Unganisha. Pima kabla ya kuanza. Paleti mbili za sentimita 120 kwa 100, zikikutanishwa upande wa 120, hutoa kitanda cha sentimita 200 kwa 120. Godoro la futi 4 kwa 6 linaenea, na watoto wawili wanalala. Bomoa paleti ya tatu upate mbao: pigilia mbili kila upande juu ya kiungo, nyingine ziba mapengo makubwa. Misumari ya zamani nyoosha juu ya jiwe. Kabla ya kupigilia, gonga ncha ya msumari iwe butu kidogo. Hivyo ubao haupasuki kwa urahisi.

5. Inua. Weka matofali chini ya pembe nne na chini ya kiungo cha katikati, pande zote mbili. Hewa itapita chini, na ukifagia utaona kama mchwa wameanza kupanda. Usipake oili chafu ya magari kwa ajili ya mchwa: ina sumu, na mtoto atalala akiivuta usiku kucha. Mwisho, funga chandarua na kukichomeka chini ya godoro.

Gharama iliyobaki ni msasa, misumari michache na matofali. Asiye na nyundo aazime kwa jirani, naye jirani asaidiwe siku yake ikifika.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
- Ni nani katika mtaa wetu ambaye watoto wake bado wanalala sakafuni?
- Kati yetu nani ana nyundo, msumeno au ujuzi wa useremala?
- Tutamwomba nani mbao, na tutamwendea kwa maneno gani?