Mazungumzo ya Marubani Yamekwama: Mwenye Tiketi Ufanye Nini?

Umenunua tiketi ya Kenya Airways ya kwenda Dubai mwezi ujao, halafu jioni unasikia redioni kwamba mazungumzo kati ya marubani na uongozi wa shirika yamekwama. Ubadilishe safari? Udai pesa zako? Ungoje? Jibu linategemea mzozo umefika wapi, na hilo unaweza kulijua bila kuwa na mtu wa ndani, kwa kuwa sheria ya Kenya imeupangia mzozo wa namna hii hatua zake.

Kwanza, wanagombania nini? Marubani wa shirika hilo wana chama chao cha wafanyakazi, KALPA. Chama na mwajiri hutia saini mkataba wa pamoja, ule unaotajwa kwenye habari kwa herufi CBA. Ndani yake mna mishahara, saa za kazi, mapumziko, akiba ya uzeeni na taratibu za nidhamu, kwa marubani wote badala ya kila mmoja kujitafutia masharti yake. Mkataba husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo wengi wetu huiita mahakama ya leba. Mwaka 2022 mvutano mkubwa ulihusu hiyo akiba ya uzeeni. Korona ilipolitikisa shirika mwaka 2020, mwajiri alisimamisha mchango wake katika mfuko, na sehemu ya mishahara ikaahirishwa. Marubani walitaka vyote virudi, na uongozi ukajibu kwamba shirika lenye madeni haliwezi. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na ndiyo maana mizozo hii haimalizwi kwa kikao kimoja.

Kwa nini shirika lisiajiri marubani wengine tu? Dereva wa matatu akinuna asubuhi, mwenye gari hupata wa kushikilia kabla ya saa sita. Ndege haziendi hivyo. Rubani hupewa idhini kwa aina ya ndege aliyofunzwa. Anayerusha Embraer 190 haruhusiwi kukalia usukani wa Boeing 787 mpaka apate mafunzo na mtihani wa ndege hiyo. Kwa hiyo hata wachache wakigoma, ratiba nzima huyumba.

Sasa tuzitazame hatua zenyewe, maana hapa ndipo penye faida kwako. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mazungumzo ya kawaida yakishindikana, mzozo hupelekwa kwa Waziri wa Leba. Waziri huteua mpatanishi, yaani mtu wa katikati wa kuwasikiliza wote wawili, na ana siku 21 za kufanya hivyo. Mpatanishi naye ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, na pande zote zikikubali, muda huo unaweza kuongezwa. Akishindwa, mzozo huhesabiwa kuwa haukutatuliwa, na hapo ndipo chama kinaweza kutoa ilani ya mgomo: barua ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri.

Kwa hiyo habari kwamba mazungumzo yamekwama haina maana kwamba kesho hakuna ndege. Inaweza kuwa bado kuna wiki kadhaa. Neno la kukufanya uinuke kitini ni ilani ya mgomo. Ukilisikia, tafuta tarehe iliyotajwa, kisha uilinganishe na tarehe ya safari yako.

Baada ya ilani, mara nyingi shirika hukimbilia mahakamani kuomba mgomo uzuiwe. Usilegee kwa sababu ya hilo. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mahakama ilitoa amri ya kuusimamisha mgomo, lakini Jumamosi ya tarehe 5 Novemba marubani waligoma hata hivyo, na maelfu ya abiria wakakwama. Tarehe 8, Jaji Anna Mwaure aliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata, na uongozi nao ukakatazwa kuwaandama. Wakarudi. Amri ya mahakama ni karatasi nzito, ila ndege huruka pale rubani anapoingia kazini. Ungoje kuiona ikiruka.

Kuna pia mgomo baridi, ambao hautangazwi. Marubani hufika kazini, lakini hawakubali kuitwa siku zao za mapumziko wala kuongeza saa moja nje ya mkataba. Dalili zake ni safari kuchelewa mfululizo, hasa za jioni, huku shirika likitoa sababu ya jumla tu. Ukiziona dalili hizo wakati mazungumzo yamekwama, usipange kuunganisha ndege mbili kwa nafasi ya saa moja.

Haya, ufanye nini kabla ya ilani? Kitu cha kwanza hakina gharama: hakikisha namba ya simu na barua pepe zilizo kwenye tiketi ni zako. Wengi hununua kwa wakala, naye huandika namba yake, kisha ujumbe wa kufutwa kwa safari unaishia kwenye simu ya ofisini kwake siku ya Jumapili. Pili, ikiwa unataka bima ya safari, inunue sasa na usome kipengele cha migomo. Mgomo ukishatangazwa, kampuni nyingi za bima hukataa kulipia jambo lililokuwa likijulikana tayari. Tatu, ikiwa safari haiwezi kungoja, kama miadi ya hospitali India, mtihani, au viza inayokaribia kuisha, ibadilishe usafiri siku mbili tatu mapema zaidi, wakati gharama ya kubadilisha bado ni ndogo.

Ilani ikishatoka, kuna jambo moja ningekuomba ulishike kuliko yote: usifute safari wewe mwenyewe. Ukifuta wewe, masharti ya tiketi ndiyo yatakayotumika, na tiketi za bei nafuu hukatwa faini kubwa au hazirudishiwi kitu. Shirika likifuta, deni ni lao. Ingia kwenye tovuti yao au piga simu uulize kama wamefungua dirisha la kubadilisha tarehe bila malipo. Mashirika mengi hufanya hivyo mgomo unapokaribia. Likiwapo na tarehe mpya inakufaa, lichukue. La sivyo, ngoja.

Safari ikifutwa, ombi lako liwe fupi: ama nipelekwe kwa ndege nyingine, ikiwemo ya shirika jingine, ama nirudishiwe pesa. Kenya Airways imo katika muungano wa SkyTeam tangu 2010, pamoja na KLM na Air France zinazotua Nairobi, kwa hiyo kuulizia nafasi huko si kuomba makubwa. Utapewa vocha, yaani hati ya kusafiri baadaye. Si lazima uipokee kama unachotaka ni pesa. Ikiwa ulinunua kwa wakala, kwa kawaida pesa hurudi kupitia kwake, basi anza kumsumbua mapema.

Usiende uwanjani kwa matumaini. Foleni za uwanja wa JKIA, Nairobi, siku ya mgomo hazikupi chochote ambacho simu haikupi, na teksi ya kurudi mjini utailipa mwenyewe. Ikiwa tayari uko huko, au ulikuwa ukiunganisha ndege, dai chakula na mahali pa kulala, na ukilazimika kujilipia, weka kila risiti. Piga picha ya ubao unaoonyesha safari imefutwa. Dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Wa Nairobi na Mombasa wana bahati kidogo. Treni ya SGR hugharimu shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, bei zilizoanza Januari 2024, na tiketi hupatikana kwa kubonyeza *639# kwenye simu. Ukingoja mpaka mgomo uanze, hutaambulia kiti. Kuna pia kampuni ndogo zinazoruka kutoka Uwanja wa Wilson, ambazo zina marubani wao wenyewe.

Na fidia? Hapa ndipo watu wengi huacha pesa zao bila kujua, kwa kuwa haki yako hubadilika kulingana na uwanja ulioondokea.

Ukiondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2004, maarufu kama 261, inakulinda hata ukiwa umepanda Kenya Airways. Safari ya Amsterdam au Paris kwenda Nairobi ikifutwa nawe umearifiwa zikiwa zimebaki chini ya siku 14, fidia ni euro 600, juu ya kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine. Shirika litajaribu kusema mgomo ni jambo lililo nje ya uwezo wake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa jibu hilo Machi 2021, katika kesi iliyolihusu shirika la SAS ambalo marubani wake waligoma mwaka 2019 baada ya mazungumzo kuvunjika: ugomvi na wafanyakazi wako mwenyewe ni sehemu ya biashara yako. Waelekezaji wa ndege wakigoma, hao si waajiriwa wa shirika, na fidia hiyo kwa kawaida hupotea. Uingereza ina kanuni inayofanana na hii, na kwa safari ya London kwenda Nairobi kiasi ni pauni 520.

Lakini ukitoka Nairobi kwenda Paris kwa Kenya Airways, kanuni ya Ulaya haikuhusu. Kwa njia hiyo hiyo ukiwa na Air France, inakuhusu. Jambo hili laweza kukusaidia kuchagua tiketi unapoona mzozo unanukia.

Kwa safari za kutoka au kwenda Marekani, kama ile ya Nairobi na New York, ndege ikifutwa nawe usikubali mbadala, shirika linapaswa kukurudishia nauli ndani ya siku 7 za kazi ikiwa ulilipa kwa kadi ya mkopo, au siku 20 kwa njia nyingine.

Kwa safari nyingine za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia. Huu haukupi kiasi maalumu kwa usumbufu tu. Unakuruhusu kudai hasara unayoweza kuithibitisha kutokana na kuchelewa, kama hoteli au tiketi nyingine, mpaka kikomo ambacho tangu mwisho wa 2024 kinazidi kidogo dola 8,000. Shirika huweza kujitetea kwamba lilifanya kila liwezalo kuizuia hasara hiyo. Risiti zako ndizo zitakazosema.

Malalamiko huanzia kwa shirika lenyewe, kwa maandishi: namba ya tiketi, tarehe, kilichotokea, kiasi unachodai, na nakala za risiti. Wakikaa kimya au wakikukatalia, andika kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ukiwa Tanzania, nenda kwa mamlaka ya huko, TCAA, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Kwa barua hizi huhitaji wakili. Ziko kampuni mtandaoni zinazojitolea kukudaia fidia ya Ulaya, lakini hukata robo au hata theluthi ya pesa yako kwa barua ambayo ungeiandika mwenyewe kwa nusu saa.

Hatua ya mwisho Kenya ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ada hulipwa unapoiwasilisha, kwa hiyo iulizie kwenye dawati la mahakama kabla hujaandika chochote. Kwa madai ya Montreal, usivuke miaka 2 tangu siku uliyofika au uliyopaswa kufika.